Karata Niliyojisomea

Kwa mara ya tatu mashine ilisema nimeichoka ndoa yangu. Ikifika mara tatu, ndoa huvunjwa saa sita mchana. Hakuna anayeruhusiwa kujisomea karata ya ramli. Kila asubuhi mashine hukutolea moja na kukuambia moyo wako ulivyo. Hata salamu yetu siku hizi ni "Umesomwaje?"

Mke wangu, Saumu, alikuwa akifunga mizigo. "Nenda kwa huyo mwanamke wako," alisema, akiamini nina mwingine.

Niliichukua karata ya asubuhi ile nikaitazama mwenyewe. Mtu ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Viwili vilivyojaa viko nyuma yake, amevipa mgongo.

"Huyu ni mimi, nalilia ninachopoteza," nikasema. "Sijakuchoka, Saumu. Macho yangu yanakufa, nami naogopa kukuambia."

Alitupa kanga chini. "Mpumbavu wewe! Miezi yote hii nalia bure?" Akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma.

Anayejisomea hufutwa katika daftari la mashine, nayo haina tena amri juu ya ndoa yake. Saa sita ilipita tukiwa tunacheka.

Kwa kufutwa huko, nimepoteza kazi ya kuchomelea vyuma. Mlango wa nyumba haunifungukii mpaka Saumu aufungue. Hospitali haikunipokea, na jicho la kushoto limekufa. La kulia bado linamwona.