Jiwe la Tatu

Jumanne, tarehe kumi na mbili Juni, asubuhi ilikuwa ya manyunyu. Bi Tamari alichemsha chai ya mwisho juu ya mafiga, akazima moto, akasali, kisha akampisha fundi. Wanunuzi wa nyumba walitaka jiko la vigae, si ukuta wa masizi.

Fundi aling'oa mawe mawili, akauliza ayatupe wapi.

"Hayatupwi," alisema Bi Tamari. "Mama mkwe aliniwekea siku niliyoolewa. Yakitoka hapa, lazima yakawashiwe moto kwingine siku hiyohiyo."

Mwanawe Yoeli, aliyekuwa anauza nyumba ili mama akaishi kwake, alishusha pumzi. "Mama, kwangu ni ghorofani. Kuna gesi. Mke wangu atakupikia."

"Anayepikiwa kila siku ni mgonjwa. Mimi naumwa nini?"

Jirani yao, Mama Skola, alicheka kidogo pale mlangoni. "Mjibu, Yoeli. Au akisonga ugali ghorofa itaanguka?"

Yoeli hakucheka. Alikuwa amechoka kama mama yake. Aliinama, akaling'oa jiwe la tatu kwa mikono yake. Lilikuwa bado na joto. Akalikumbatia, masizi yakashika shati lake.

"Fundi, Mama Skola, mnisikie mbele za Mungu," alisema. "Popote mawe haya yatakapokaa, jiko ni la mama."

Bi Tamari akaitikia amina kwa sauti ndogo, kisha akasubiri kuona mwanawe ataliweka wapi lile jiwe.