Kirusi Chenye Adabu

Miaka hiyo kila nyumba ya Muleba ilifuga kirusi chake mtungini, kama wengine wanavyofuga kuku. Kila asubuhi Kemilembe alikitupia chake viwavi wachache, kisha akanyunyizia mahindi maji ya mtungi. Alikionea fahari mno. Kiliwaua viwavi wanaotafuna mahindi, lakini nyuki kiliwapisha kama wakwe.

"Kina adabu kuliko ndugu zako," alimtania mumewe.

Mvua za Novemba zilipoleta senene, wale panzi watamu wa kukaanga, alitoka alfajiri na ndoo, mate yakimtoka. Mwaka huo walikamatika kirahisi ajabu juu ya mahindi yake. Ndoo ilijaa kabla jua halijachomoza.

"Leo tutakula, Baba Byera! Washa jiko!"

Mumewe alimgusa senene mmoja kwa kidole, akamgusa tena.

"Mama Byera, mbona hawaruki?"