Freni ya Mukono

Donat alikuwa amelala chali chini ya motokari yake, miguu tu ndiyo iliyoonekana nje, na alikuwa akizungumza na jogoo.

"Weye jogoo," alisema kwa adabu yote, "kama ungekuwa na mukono, ungenivutia freni mara moja tena."

Jogoo aliendelea kuparura mchanga. Aliyevuta freni ni Albertine, mamamkwe wa Donat, aliyeketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, uso ameugeuzia nyumba. Kwao mwanaume haongei ana kwa ana na mama wa mke wake, wala hamtazami usoni. Tangu asubuhi Honorine, mke wa Donat, ndiye aliyepeleka maneno huku na huku. Sasa Honorine alikuwa jikoni anasonga bukari, na kazi haikungoja.

Albertine akavuta. Trrr, trrr, trrr.

"Jogoo," naye akajibu, "ambia bale ba chini kama mukono ungali unapanda sana. Freni iko laini kama uji ya mugonjwa."

Kule chini kle, spana yake, ikagonga chuma. Donat alikuwa anakaza ekru, nati ya freni.

Si kwamba alipenda kujipaka mafuta siku ya Mungu. Ni mambo ya bendera. Kila asubuhi bendera ilipopandishwa mbele ya ofisi ya zone, pale barabara ya Ruashi inaposhuka, kila kitu kilisimama: wenye miguu, wenye kinga, yaani baiskeli, wenye motokari. Dereva alizima moto wa injini, akavuta freni, akashuka, akasimama wima, macho kwenye bendera, kichwa kisigeuke mpaka filimbi. Juma lililopita, wimbo ukiwa katikati, motokari ya Donat ilianza kuteremka yenyewe, polepole, ikaenda kulala mferejini.

"Citoyen Mwaba," mkubwa wa vijana wa chama alimwambia. Kila mtu aliitwa Citoyen, mwananchi; Donat lilikuwa jina la ubatizo, na majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Lilitumiwa nyumbani tu. "Leo nimekusamehe. Motokari yako ikitembea tena mbele ya bendera, utalala kasho."

Na kule kwenye mgodi wa shaba, alikofanya kazi Donat, mtu aliyetoka kasho, gerezani, hakukuta tena kazi yake, wala unga wa watoto.

Kwa hiyo Albertine hakuwa na haraka. Alivuta, akaachilia, akavuta. Trrr, trrr.

"Jogoo, inatosha sasa," Donat alisema. "Nikikaza zaidi, tairi haitazunguka muzuri. Itakuwa inalia njia yote."

"Ilie," Albertine alimjibu jogoo. "Mutoto wangu ndiye asilie. Ambia bakaze tena."

Mamamkwe akisema kaza, nani atabisha? Donat akakaza.

Honorine akatokea na mwiko mkononi. "Munasema na nani?"

"Na jogoo," wote wawili wakajibu pamoja.

Honorine akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe kuna jogoo! Na miye miguu inaniuma tangu asubuhi juu ya maneno yenu!"

Albertine akavuta mara ya mwisho. Trr. Fupi na kavu. Donat akatoka chini, akashusha kriki iliyoinua motokari, akaondoa matofali, akasukuma motokari kwa bega. Haikutikisika. Usiku ule mama yule alilala usingizi mzuri.

Kesho yake wakatoka wote watatu, Donat kazini, wanawake sokoni. Honorine alikaa mbele, mama yake nyuma, uso dirishani. Tairi zililia njia yote kweli. Walipofika kwenye mteremko wa ofisi, filimbi ikalia. Donat akazima moto, akavuta freni, wakashuka, wakasimama wima. Nyuma yao, juu kidogo, ikasimama motokari kubwa nyeusi ya komisere wa chama, aliyekuwa anatoka kwake mtaa wa Golf. Naye akashuka na dereva wake.

Wimbo ulipofika katikati, Albertine akasikia tairi zinasaga changarawe. Hakugeuza kichwa. Alipeleka jicho moja tu pembeni: motokari ya Donat ilikuwa palepale, kama imepandwa. Mungu asifiwe.

Ndipo ikalia buu! Vioo vikamwagika. Wimbo ukaendelea, na watu wote wakaendelea kutazama bendera.

Filimbi. Sasa wakageuka. Motokari nyeusi ilikuwa imeteremka yenyewe na kugonga nyuma ya motokari ya Donat. Taa zake zote mbili zilikuwa chini, na pua yake imekunjamana.

"Nani alitembeza motokari mbele ya bendera?" mkubwa wa vijana aliuliza.

Nani angekiri ameona? Aliyeona aligeuza kichwa, na kugeuza kichwa nako kulikuwa kasho. Komisere alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hapana miye, shefu!" Donat akasema. "Freni yangu inashika. Jaribuni!"

Vijana wanne wakaweka mabega. Wakasukuma, wakahema, mmoja akateleza akapiga magoti. Motokari haikusogea hata kidole. Watu wakaanza kucheka chini chini. Albertine mwenyewe alisahau heshima, akamtazama mkwe wake usoni kwa furaha.

Mkubwa wa vijana akaizunguka motokari. Akaenda kwa komisere, wakanong'onezana. Akarudi.

"Ni kweli, Citoyen Mwaba," alisema. "Freni yako inashika muzuri sana. Kama haingeshika, motokari yako ingeteremka, na ya Citoyen Komisere haingegonga kitu. Panda kwenye kamyo ya kasho."