Kamene Anasema Sauti

Nerima alitambaa chini ya meza na mtoto wake, akajifunika blanketi mbili, akawasha simu irekodi, kisha akanong'ona kama mtu anayeungama: "Karibuni, wapenzi wa muziki. Leo tuna albamu mpya ya vijana wa Kiamaiko, kule soko la mbuzi."

Ngo! Ngo! Ngo! Ukuta ukagongwa.

Akazima simu. Mideva, aliyekuwa akinyonya, aliachia titi akautazama ukuta, kisha akarudi kazini.

Ng'ambo ya ukuta huo aliishi Kamene, mwanamke mpana wa kauli moja, anayefanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha biskuti na kulala mchana. Nerima naye hakuwa na wakati mwingine. Asubuhi ni kufua, jioni ni jiko, usiku Shiundu mumewe amerudi na habari zake za mpira. Mchana tu, mtoto akinyonya, ndipo alipoweza kusikiliza albamu mpya na kuizungumzia dakika tano kwenye podkasti yake. Aliipenda podkasti hiyo kuliko alivyokubali kusema. Simu ilionyesha kwamba kipindi cha mwisho kilikuwa na wasikilizaji watatu. Wawili walikuwa yeye mwenyewe.

Mambo yalikuwa yameanza siku Bwire, keateka anayetunza ploti yao ya kupanga, alipobisha mlangoni.

"Niaje, Mama Mideva. Kamene amenituma."

"Amesema nini?"

"Amesema sauti."

"Sauti imefanya nini?"

"Sijui. Nilikuwa nakimbia kufungulia watu maji. Amesema, mwambie yule mama wa muziki, sauti. Ni hivyo tu. Lakini alikuwa amekasirika, hiyo nakuambia bure."

"Nitapunguza."

"Punguza. Mwenye ploti hapendi kesi. Yule mpangaji wa mwisho kushtakiwa alitolewa nje godoro likiwa bado na joto."

Nerima hakutaka kutolewa nje. Hapa Kware maji yalikuja siku yalipotaka, lakini yalikuja kwa mfereji, ndani ya nyumba. Walikuwa wametoka Mukuru kwa Reuben, na shingo yake haikuwa imesahau mtungi.

Kwa hiyo alipunguza. Alitoka kwenye kiti akakaa sakafuni. Akatoka sakafuni akaingia chini ya meza. Blanketi moja ikawa mbili. Na kadiri alivyoshuka, ndivyo ukuta ulivyozidi kugongwa.

Kisha vikaja viatu. Jumatano moja, akienda kuanika nepi, aliviona vimejaa mlangoni kwa Kamene: buti za kiwandani, ndara za wanawake wa ghorofa ya chini, hata viatu vya shule vya mtoto wa mtu.

"Huko ndani kuna nini?" alimwuliza Bwire.

"Kikao. Kila Jumatano na Jumamosi. Mimi siingii, nikiingia wataniambia nitengeneze taa. Lakini nimesikia wakitaja jina lako."

Jumatano na Jumamosi ndizo zilikuwa siku zake za kurekodi.

Kwenye ngazi alikuta wanawake wawili wakibishana juu ya chai.

"Vijiko viwili! Huo ni uchoyo."

"Viwili vinamtosha. Sukari nyingi itamharibu."

Walipomwona walimpisha, wakamsalimia kwa heshima ambayo kwa kawaida hupewa mfiwa.

Jioni alimweleza Shiundu.

"Achana na hiyo kitu, mama," Shiundu akasema. "Hatuwezi kuhamishwa kwa sababu ya watu watatu."

"Wawili ni mimi."

"Basi mtu mmoja. Na huyo ni mimi, na nimekusamehe."

Nerima akacheka kidogo, kisha akageukia ukuta ili asionekane.

Jumamosi aliamua kurekodi kipindi cha mwisho. Hangeondoka bila kuaga, hata kama wa kuagwa alikuwa akilala naye kitanda kimoja. Akaingia chini ya meza na blanketi mbili, akaongeza mto.

"Wimbo wa kwanza wa vijana wa Kiamaiko," akanong'ona, "kuna mbuzi anasikika nyuma. Si kosa. Mbuzi huyo ndiye pekee aliyeingia kwa wakati. Kama kawaida yetu, chai kamili ni vijiko vitano vya sukari. Huu nawapa vitatu, kimoja kikiwa cha mbuzi. Wimbo wa pili nawapa viwili. Wimbo wa tatu..."

Wimbo wa tatu ulikuwa mzuri kweli. Kijana alimwimbia mama yake, mchuuzi wa matumbo, bila kumpamba hata kidogo.

"Wa tatu ninawapa vyote. Na sasa, wapenzi wangu, nataka kuwaaga."

Ukuta ukagongwa, safari hii si kwa ngumi. Ni kama mtu aliutupia nyonga. Sufuria ikaanguka. Mideva akaangua kilio.

Nerima akatupa mto, akatupa blanketi, akasimama wima katikati ya nyumba na mtoto kifuani, akaukabili ukuta.

"Nimeacha!" akapaza sauti. "Dada Kamene, nimesikia! Nimeacha! Hamtanisikia tena!"

Mideva akalitafuta titi tena.

Kisha Kamene akajibu, kwa mlio ule ule wa watu wa nyuma wanaodai "Sauti!" kwenye mkutano wa chifu kipaza sauti kinapokufa.

"Haya, *hiyo* ndiyo sauti! Mwezi mzima tunakugongea! Sasa rudia, mama: wimbo wa tatu umewapa vijiko vingapi?"

"Na asianze bado," mtu mwingine akadakia, "watu wa ghorofa ya pili ndio kwanza wanavua viatu."