Shikamoo ya Adui

"Mama, adui anaamkiwa?"

Mwajabu alishtuka. Alikuwa kwenye foleni ya bomba na mwanawe Tunu, msichana wa miaka mitano. Mbele kabisa Mzee Kilongo alikuwa anakinga maji. Vita viliisha mwaka jana, ila wanawe walipigana upande wa pili, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa haumsalimii.

"Nyamaza, Tunu."

"Nauliza tu! Si ulisema mtu mzima anaamkiwa? Yule ana mvi mpaka puani!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajikohoza. Mwajabu alimkumbuka kaka yake, aliyekwenda vitani asirudi. Akisema hapana, Tunu atalishika jibu hilo maisha yake yote.

"Unaogopa, mama?"

"Naogopa," alijibu. Halafu akamshika mkono, wakatoka kwenye foleni watu wote wakiwaangalia. "Lakini vita havitatunyang'anya adabu. Twende."

Walipomfikia, Tunu alipaza sauti kama anaita mbuzi. "Shikamoo, babu!"

Mzee aligeuka nyuma kutafuta babu gani anaamkiwa. Hapakuwa na mwingine.

"Marahaba," akasema, sauti ikimkwaruza.

"Shikamoo," Mwajabu naye akasema.

Kumbe watoto wengine walikuwa wanasubiri hicho tu. "Shikamoo babu! Shikamoo babu!" Wakamzunguka huku mama zao wakiwaita, naye akawaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, ndoo imeshajaa, maji yanawamwagikia wote miguuni.