Dirii ya Godoro Kuukuu

Kila mwaka mji ulipofanya maandamano ya mashujaa, mavazi yaliyosifiwa yalikuwa ya Kombo. Mwaka huu, maandamano yakikaribia, watu walimpita, wakaenda kuitazama dirii ya kifuani aliyoitengeneza dada yake mdogo, Mwanahawa. Aliichonga kwa sponji ya godoro kuukuu, akabandika magamba aliyoyakata kwenye kandambili mbovu, kisha akaipaka masizi na rangi ya fedha hata ikafanana na chuma kilichotoka vitani.

“Mkono wa huyu binti umempita kaka yake,” jirani mmoja alisema, na Kombo akasikia.

Mwanahawa alipotoka kuchota maji, Kombo aliinyanyua dirii ile, akaisogeza kwenye jiko la makaa. Gamba moja tu likijikunja, nani angejua?

“Ijaribu, kaka,” Mwanahawa alisema mlangoni. “Nimeikata kwa kipimo chako. Mimi kutembea mbele za watu siwezi.”

Aliivaa. Ilimkaa barabara. Mwanahawa akazunguka nyuma kufunga kamba, akiimba kwa sauti ya chini, na Kombo, amesimama wima kama shujaa, akapapasa magamba kifuani moja baada ya jingine, akitafuta lililobandikwa vibaya.