Babula Isiyotoa Moshi

Angèle alifika akaona majirani wa Kapata walisema kweli. Mumewe, injinia anayechunguza jinsi makala ya kupikia yanavyoungua, alikuwa amechuchumaa uani kwa mjane muuza samaki, mbele ya jiko la babula, kipimajoto mkono wa kushoto, mkono wa kulia ndani ya sahani ya ugali wa bukari na majani ya sombe.

"Ni essai tu, mama," alisema, nyusi moja imeungua. "Babula mupya tunaipima na chakula ya kweli."

"Unapima moto, ao unapima sombe?" Angèle aliuliza.

Nyuma ya ukuta wanawake waliangua kicheko. Angèle aliona wivu, maana mwenyewe ndiye aliyeifukuza babula hiyo mwezi uliopita, akisema nyumba yake si laboratoire. Sasa ilimwakia mjane kwa ulimi wa moto wa buluu, bila hata uzi wa moshi.

Akakunja ncha ya kikwembe alichojifunga, akashika nayo mshikio wa babula. "Simama, tata," alimwambia mumewe. " Tunaenda nayo ku nyumba."

Mjane akashika mshikio wa pili, taratibu kabisa.

"Bwana umubebe, mama, mi siko na kazi naye. Babula inabaki."

Angèle akamtazama mume, akaitazama babula. Mkono wake haukuachia.